Mabinti Watano Mlangoni pa Hema

Somo: Hesabu 27:1-11, Yohana 19:25-27

Kitabu chenyewe kinaitwa Hesabu, na mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, kwa hiyo mnivumilie leo tupige hesabu kidogo.

Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume, na desturi ilikuwa urithi ufuate wanaume. Wangeweza kunung'unika kando kando. Badala yake walikwenda mpaka mlangoni pa hema, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano mzima, wakadai fungu lao. Sasa tazama Musa alivyofanya. Hakuwaambia wakafunge kwanza wapate roho ya unyenyekevu. Hakuwauliza nani amewatuma. Alipeleka kesi kwa Mungu, na Mungu akasema hawa mabinti wako sawa, wapewe. Sheria ya Israeli iliguswa siku hiyo kwa sababu wanawake watano walifungua mdomo. Kuna amina hapo?

Hata Kenya yetu imeona kesi ya namna hiyo. Miaka ya 1970 Wangari Maathai, yule tunayemkumbuka kwa miti, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanawake walioolewa hawakupata marupurupu ya nyumba kama wenzao wa kiume. Hoja ilikuwa kwamba mume ndiye atakayempa nyumba. Kazi moja, darasa moja, mshahara mbali mbali. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walisimama mlangoni pa hema yao wakadai.

Leo sheria ipo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Wewe mwenye duka, shule au hadwea hapa Rongai, fungua orodha yako ya mishahara kesho uitazame ukiwa na Roho Mtakatifu.

Lakini kama sheria ipo, mbona bado kuna pengo? Njoo steji saa 11 alfajiri. Dada na ndugu wanapanda matatu moja kwenda mjini. Ndugu aliamka dakika 30 zilizopita, akakuta maji ya kuoga yamechemka. Dada yuko macho tangu saa 9 na nusu: uji, sare za shule, chakula cha kubeba, mtoto kupelekwa kwa mlezi. Wote wanafika kazini saa ile ile, wana vyeti vile vile. Bosi anatafuta mtu wa kusimamia zamu ya jioni, kuna nyongeza. Dada anajua mtoto lazima achukuliwe saa 12 jioni, na mnajua msongamano wa Barabara ya Magadi. Anasema hapana. Ndugu anasema ndiyo. Baada ya miaka miwili huyu ni msimamizi, yule yuko pale pale. Mwenye kampuni ataapa hakubagua mtu, na pengine anasema kweli. Ubaguzi ulifanyika nyumbani, kabla jua halijachomoza.

Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu wa mwaka 2021 ulikuta mwanamke Kenya anatumia kama saa 4 na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na kulea bila malipo. Mwanamume, karibu saa 1. Zidisha kwa wiki. Zidisha kwa miaka 20 ya kazi.

Kwenye darasa la ndoa ndugu huniambia, "Pastor, mimi humsaidia bibi yangu na watoto." Unamsaidia na watoto wa nani? Mtu husaidia jirani. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto. Baba pia ana wiki 2 za likizo yenye mshahara mtoto anapozaliwa. Wangapi mlizitumia kusimamia fundi kwenye ploti Kiserian?

Najua kuna mzee ameshafunua Waefeso 5 anitafutie kichwa cha nyumba. Mzee wangu, soma na mstari wa 25. Kristo ni kichwa kwa kujitoa. Akiwa msalabani, mikono imepigiliwa misumari, alipanga nani atamtunza mama yake, na alimkabidhi mwanamume. Yule mwanafunzi akampeleka kwake. Sisi mama akilazwa kule mashambani, simu ya kwanza inapigiwa binti, au mke wa kijana. Kijana anatuma M-Pesa na kusema yuko kwenye mkutano.

Na wewe dada uliyepata kazi nzuri, usiruke hapa. Dada wa kazi anayeshika mtoto wako ndiye anayeshikilia cheo chako. Kima cha chini cha mshahara kinamhusu na yeye. Yakobo 5:4 haikutaja jinsia ya mwajiri.

Kanisani kwetu je? Fundi wa mitambo na mpiga kinanda hupewa nauli. Akina mama wanaopika wakati wa kesha, na walimu wa watoto, huambiwa thawabu iko mbinguni. Nimepeleka pendekezo kwa baraza la wazee: ama wote wapewe, ama wote wangojee mbinguni. Jibu halijatoka. Ninawaombea wazee wetu, na ninawakumbusha kila Jumanne.

Kina baba wenye maswali, na najua yako, tukutane Jumamosi saa 2 asubuhi baada ya maombi. Kutakuwa na chai na mandazi. Akina mama wa jikoni nimewapa mapumziko, kwa hiyo watu wanne wafike mapema, na mmoja wao awe anajua kukanda unga.