Kujaribu Mashine ya Chombo Nchi Kavu

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, ijulikane ya kuwa Nabii Nuhu aliunda jahazi lake penye nchi kavu, na wakuu wa kaumu yake kila walipompitia walimcheka. Habari hiyo imo katika Sura ya Hud, aya ya 38.

Basi mwenye mashine ya mashua, awe wa Lamu au wa Kenyamonta, huko bara wilaya ya Serengeti, ambako ziwa la Nyanza li mbali, asione haya kuijaribu uani kwake. Aitie katika pipa la maji hata tundu zake za kuvutia maji zifunikwe. Kwani hupozwa kwa maji, na ikizungushwa kavu mpira wa pampu huungua upesi. Kisha atazame ubavuni: mchirizi usipotoka, aizime saa ile ile.

Ama asemaye, "Nimetawakali, yatajulikana huko huko majini," huyo hakutawakali. Imepokewa katika Tirmidhi ya kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Tena abiria hawaijui mashine. Ikizimika katikati ya ziwa, na upepo umechachamaa, yeye ndiye aliyewapandisha.