Hesabu za Mtihani na Hesabu za Kweli



Mtu atokaye Goma kwenda Rutshuru hupita Rumangabo. Wengi wakilisikia jina hilo hukumbuka sokwe wa milimani, kwa kuwa makao makuu ya Hifadhi ya Virunga yako hapo; au hukumbuka askari, kwa kuwa kambi ya jeshi iko hapo pia. Leo sisi twataka kuwakumbusha jambo lingine la mahali hapo, jambo dogo lisilotangazwa na redio: mtoto wa darasa la sita ameketi mlangoni pa nyumba yao jioni, daftari magotini, anafanya hesabu za mtihani kabla giza halijaingia.

Mtoto huyo hakusoma kwa utulivu. Wakubwa wake walikimbia vita vya mwaka 2012 na 2013. Yeye mwenyewe alikimbia vilipofika tena Rumangabo, mwezi wa Oktoba 2022. Januari 2025 vita vikaingia mpaka Goma mjini, mahali ambapo watu wengi wa Rutshuru walikuwa wamekwenda kujificha. Siku nyingi za masomo zimepotea hivyo. Lakini mtihani hauulizi mtoto alikimbia siku ngapi. Huuliza tu: robo tatu za 240 ni ngapi?

Basi hapo lipo swali, wala si la walimu peke yao. Ni la dhamiri ya kila mzazi. Muda ukiwa mfupi hivi, yafaa mtoto afundishwe hesabu, au yafaa afundishwe mtihani?

Kwanza tueleze mitihani yenyewe. Katika Kongo, mwisho wa darasa la sita uko mtihani wa taifa uitwao ENAFEP. Zamani uliitwa TENAFEP. Mambo yanayoulizwa ni Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Miaka miwili baadaye, mwisho wa mwaka wa 8 wa elimu ya msingi, uko mwingine uitwao TENASOSP, wa kuwachagua wanafunzi na kuwaelekeza katika masomo yatakayowafaa. Na mwisho wa sekondari uko ule mtihani wa dola ulioanza mwaka 1967. Mara nyingi maswali yake ni ya kuchagua: swali moja, majibu kadhaa, na mtoto aweka alama penye jibu moja.

Sasa tuseme wako walimu wawili. Wa kwanza huchukua karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, asoma swali, kisha asema: "Hili ni la pili. Lile ni la nne. Shikeni hivyo." Watoto waimba majibu kama wimbo. Wa pili hataki kuziona karatasi hizo kabisa. Husema: "Mimi nafundisha hesabu, sifundishi mtihani."

Kwa maoni yetu wote wawili wamekosa, ingawa makosa yao si sawa.

Huyu wa pili ana moyo mwema, lakini amesahau kwamba mtihani ni mlango, na mlango una namna yake ya kufunguliwa. Mtoto wa Rumangabo aweza kwenda sokoni na noti ya faranga 5,000, akanunua chumvi, sabuni na mafuta, akajua mara moja chenji yake ni ngapi. Amehesabu kwa Kiswahili au kwa Kinyarwanda, bila karatasi. Lakini mtihani humwuliza kwa Kifaransa: tafuta "somme", "différence", "produit", "quotient". Akiwa hajayazoea maneno hayo manne, atashindwa na hesabu aliyoijua tangu utoto. Kumzoeza maneno hayo, na namna ya kuweka alama, na namna ya kuutumia muda wake, si udanganyifu. Ni haki yake. Anayempeleka mtoto mtoni bila kumwonyesha mahali pa kivuko, asiseme baadaye kwamba mtoto ni mjinga.

Bali kosa la mwalimu wa kwanza ni kubwa zaidi, na yafaa tulitazame vizuri, maana wazazi wengi hulipenda.

Wazazi hao si watu wabaya. Husema: "Sisi tu maskini. Mwaka umeharibika. Acha mtoto apite kwanza. Kuelewa kutakuja baadaye." Neno hili si la kuchekwa. Mzazi aliyepoteza shamba na mbuzi anaogopa kupoteza na mwaka wa mtoto wake. Lakini tumwulize kwa upole: kuelewa kutakuja baadaye lini, na kwa nani? Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya bure katika shule za msingi za umma, jambo ambalo katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuahidi. Lakini sekondari ina malipo yake. Mtoto aliyepita kwa kuimba majibu atakaa huko mbele ya ubao kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Mzazi atauza maharage yake kulipia kiti ambacho mtoto hajifunzi kitu akikikalia. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Na njia hii huishia papo hapo, katika mwaka wa kwanza.

Tena liko jambo la ukweli wenyewe. Cheti ni ushuhuda. Kinasema mbele ya watu: huyu ajua. Ikiwa hajui, basi cheti kimesema uongo, na waliosaidia kukipata wamesema uongo pamoja nacho. Sisi Wakristu twaijua amri ya nane. Tusidhani inahusu maneno ya mdomo tu. Mwenye kuuza gunia la maharage lenye mawe chini hakusema neno lolote la uongo, lakini gunia lake limesema.

Hata bahati nayo husema uongo. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na mtihani uitwao KCPE, tangu mwaka 1985 mpaka 2023. Karatasi ya hesabu ilikuwa na maswali 50, na kila swali lilikuwa na majibu manne ya kuchagua. Mtoto asiyejua hata kujumlisha, akifumba macho na kuweka alama popote, kwa kawaida angepata maswali 12 au 13. Hayo ameyapata, lakini hakuyajua. Kwa hiyo tusishangilie kila alama. Kwanza tuulize imetoka wapi.

Na tena, wanaotunga mitihani hiyo si wajinga. Majibu ya uongo hawayaandiki ovyo. Huyafikiri makosa ya watoto, kisha wakaliweka kosa lenyewe katika karatasi, limngoje mtoto. Tuchukue mfano. Mama mmoja amepanda maharage katika nusu ya shamba lake, na mahindi katika theluthi ya shamba hilo. Amepanda sehemu gani ya shamba lote? Mtoto mwenye haraka atajumlisha vya juu na vya chini: 1 na 1 ni 2, 2 na 3 ni 5, jibu ni 2/5. Atazame karatasini, na tazama, 2/5 ipo! Atafurahi na kuweka alama.

Lakini mtoto aliyezoezwa kufikiri atasimama kidogo. Atasema: "Nusu ya shamba ilikuwa imekwisha kupandwa. Mama akaongeza mahindi. Itawezekanaje sasa iliyopandwa iwe 2/5, ambayo ni pungufu ya nusu?" Hapo atarudi, atagawanya shamba katika sehemu sita: nusu ni sehemu tatu, theluthi ni sehemu mbili, jumla 5/6. Imebaki 1/6 tupu. Mtoto huyo hakuambiwa na mtu kwamba alikosea. Amejiambia mwenyewe. Huyu ndiye aliyejizoeza kweli.

Basi twaweza sasa kujibu swali letu. Mazoezi ya mtihani ni mema, tena ni ya lazima, ikiwa kila jibu laweza kujibu swali moja fupi: "Umejuaje?" Mtoto akisema, "Mwalimu alisema ni la pili," hayo si mazoezi. Akisema, "Nimegawanya hivi, kisha nimezidisha nione kama narudi nilikotoka," hayo ni mazoezi, hata kama karatasi ni ya mtihani wa zamani, na hata kama jibu lake safari hii si sahihi.

Na swali hilo, "Umejuaje?", halihusu darasa peke yake. Lataka kumfanya mtoto awe mtu wa haki. Sikieni mfano mwingine, wa watoto wakubwa kidogo, wa mwaka wa 7 na wa 8. Ndugu wawili wagawana ardhi ya baba yao. Mkubwa apima kwa kamba. Kipande chake kina mita 16 kila upande. Kipande cha mdogo kina urefu wa mita 24 na upana wa mita 8. Mkubwa asema: "Tazama, nimezungusha kamba ileile. Mita 64 kwako, mita 64 kwangu. Tuko sawa." Wazee waona kamba, waona ni sawa, wakubali. Lakini mtoto wa shule akizidisha aona: 16 mara 16 ni mita za mraba 256, 24 mara 8 ni mita za mraba 192. Kamba ni sawa, ardhi si sawa. Kipande cha mdogo ni pungufu ya cha mkubwa kwa mita za mraba 64. Katika nchi yetu ya Rutshuru, ambako watu wamegombana na hata kuuana kwa ajili ya mashamba, je, hesabu hii ni ya mtihani tu?

Au mfanyabiashara apandisha bei ya nguo ya faranga 10,000 kwa kumi kwa mia, kisha asema ameishusha kwa kumi kwa mia, imerudi palepale. Haikurudi. Ilipanda ikawa 11,000. Ikishushwa kumi kwa mia yapungua 1,100, yabaki 9,900. Hapa aliyedanganyika ni mfanyabiashara mwenyewe. Hesabu haimpendelei muuzaji wala mnunuzi.

Hili ndilo jambo linalotugusa sana tukiwafikiri watoto wa Rumangabo. Wameona mengi yakibadilika kwa nguvu: leo mwenye amri ni huyu, kesho ni yule, njia iliyokuwa wazi imefungwa, nyumba iliyokuwa yao ina wengine. Lakini saba mara nane ni 56, kwa tajiri na kwa maskini, kwa mwenye bunduki na kwa asiye nayo. Hakuna jemadari awezaye kuamuru iwe 57. Mtoto aliyeligundua jambo hili kwa akili yake mwenyewe amepata mahali pa kusimama. Je, tutamnyang'anya mahali hapo kwa kumfundisha kwamba hata katika hesabu, jibu ni lile alilolisema mkubwa?

Wengine watatuuliza: "Sawa, lakini muda hautoshi, na darasa lina watoto wengi kupita kiasi. Tufanye nini?" Swali ni la haki. Sisi hatuna dawa ya kila kitu, lakini tuna mashauri machache.

Muda ukiwa mfupi, punguzeni mambo, msipunguze ukweli. Afadhali mtoto aelewe vizuri njia nne za hesabu, sehemu kama nusu na robo, na vipimo vya urefu, uzito na ardhi, kuliko kupitishwa mbio katika kitabu kizima asishike kitu.

Kabla ya kuhesabu, mtoto akadirie. Akiulizwa 49 mara 21, aseme kwanza: "Ni karibu 50 mara 20, yaani karibu 1,000." Kisha ahesabu, apate 1,029. Akipata 10,290, makadirio yake yatamwonya.

Kila mtoto awe na kurasa za makosa katika daftari lake. Asiyafute kwa aibu. Aandike kosa, na chini yake aandike sababu. Kosa lililoelezwa lina faida kuliko jibu sahihi lililonakiliwa.

Mwalimu asiyeweza kusahihisha madaftari yote awaweke watoto wawili wawili, mmoja amweleze mwenzake kwa Kiswahili, kisha wayatafute pamoja maneno ya Kifaransa. Anayemweleza mwenzake hujifunza mara mbili.

Nanyi wazazi, hata msiojua kusoma, mnayo kazi. Jioni mtoto akifunga daftari, msimwulize tu, "Umepata ngapi?" Mwulizeni, "Umejuaje?" Hamhitaji kujua hesabu ili kuona kama mtoto anaeleza au anababaisha. Uso wake utawaambia.

Mwisho, tusiwapime watoto wetu kwa mtihani peke yake. Mtihani hupima kidogo: alichokijua mtoto asubuhi moja, katika karatasi moja. Haupimi alivyombeba mdogo wake mgongoni siku ya kukimbia. Akishindwa baada ya kufanya kazi kwa uaminifu, tusimwite mpumbavu. Tumrudishe mezani, aanze pale alipoachia. Na akipita, tumpongeze kwa moyo wote, kwa kuwa cheti chake kitasema kweli.