Ni Kweli, Lakini ni ya Nani?

Soma kwa ajili ya juma hili: Mwanzo 9:20–23; Isaya 39; Mathayo 1:18–25; Mathayo 6:1–4; Mathayo 18:15–17.

Chukua mfano wa kanisa la mjini, kama yalivyo mengi. Lina kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya 200: wazee wa kanisa, mashemasi, wanakwaya, waumini waliohamia mikoa mingine wakabaki kundini kwa sababu hakuna aliyewaondoa, na namba kadhaa ambazo hata kiongozi wa kundi hajui ni za nani. Ijumaa moja, saa moja hivi kabla ya kufungua Sabato, shemasi wa kike aliandika humo ombi la maombi. Alimtaja dada mmoja kwa jina, akaeleza kwamba amelazwa, na kwamba damu ilikataa kukatika hata madaktari wakalazimika kumtoa kizazi. Akamalizia kwa kuwaomba ndugu wote wapige magoti. Ndani ya nusu saa kundi lilijaa "Amina".

Kila neno aliloandika lilikuwa kweli. Nia yake ilikuwa njema pia, kwani ndiye aliyekesha na mgonjwa hospitalini na ndiye aliyempelekea uji asubuhi. Lakini mama mkwe wa yule dada, aliyeko kijijini katika mkoa mwingine, alipata habari usiku ule ule kupitia kwa mpwa wake, naye akampigia simu mwanawe. Mume alikuwa safarini kikazi. Alijua mke wake anafanyiwa upasuaji, ila hakujua ulivyoishia. Mke alikuwa ameazimia kumwambia mwenyewe, wakiwa wawili, atakaporudi. Wana mtoto mmoja tu.

Asubuhi shemasi aliufuta ujumbe. Mahali pake ikabaki alama kwamba kuna ujumbe uliofutwa, na wale ambao hawakuwa wameusoma wakaanza kuuliza ulisema nini.

Wakristo wengi wamefundishwa kujiuliza swali moja kabla ya kurusha jambo mtandaoni: je, ni kweli? Ni swali jema, na kama lingeulizwa kila mara, uvumi mwingi ungekufa kabla ya kuvuka mlango. Amri ya tisa inalidai. Lakini shemasi yule angejiuliza swali hilo asubuhi, mchana na jioni, na kila mara angepata ruhusa ya kuandika. Kosa lake lilikuwa mahali pengine. Habari ile ilikuwa ya mtu mwingine, naye alipewa aitunze.

Soma Mwanzo 9:20–23. Je, Hamu alisema uongo gani?

Hakusema uongo wowote. Baba yake alikuwa amelewa, na alikuwa amelala uchi hemani. Hamu aliona, akatoka nje, akawaambia ndugu zake. Wasikilizaji wake walikuwa wawili tu, tena wana wa baba yule yule. Kwa kipimo cha leo hilo ni kundi dogo mno, na mtu angeweza hata kumtetea kwamba familia ilipaswa kujua. Lakini Maandiko yanapomaliza kumsimulia Hamu yanageuka na kukaa kwa Shemu na Yafethi, na hapo simulizi inakwenda polepole sana: wanachukua nguo, wanaiweka mabegani mwao wote wawili, wanakwenda kinyumenyume, nyuso zimegeuzwa. Hao nao walikuwa wameshaambiwa. Hawakuweza tena kukwepa kujua, ila waliweza kukataa kutazama, na waliweza kufunika. Jambo hili linamhusu hata yule ambaye hajawahi kuandika chochote cha kuumiza, bali hupokea. Picha ya ajali imeingia kwenye simu yake, au video ya binti wa jirani aliyerekodiwa bila kujua. Hakuitafuta. Hata hivyo bado iko mikononi mwake, na kidole chake ndicho kitakachoamua itakwenda wapi.

Soma Mathayo 1:18, 19. Yusufu alijua nini wakati alipofanya uamuzi wake?

Kisa cha Yusufu husomwa haraka, kwa sababu wasomaji wanajua kwamba malaika anakuja. Yusufu hakujua. Alilojua ni kwamba mchumba wake ana mimba na kwamba mimba si yake. Sheria ilikuwa upande wake. Kumbukumbu la Torati 22:23, 24 inaonesha jinsi lilivyokuwa jambo zito kwa binti aliyeposwa. Heshima yake mwenyewe ilikuwa hatarini, maana mimba ikionekana na yeye akinyamaza, watu wa Nazareti wangemhesabu kuwa mhusika. Kwa kusema mbele ya watu angejisafisha. Mathayo anamwita mtu wa haki, na hapo hapo, kama anayeeleza haki hiyo ina sura gani, anasema hakutaka kumfedhehesha Mariamu. Alikusudia kuachana naye pasipo kelele.

Uamuzi huo aliufanya kabla ya ndoto. Ingefaa msomaji asimame hapo kidogo. Kama Yusufu angetangaza, angetangaza jambo alilokuwa na uhakika nalo kabisa, lenye ushahidi ambao kila mwenye macho angeuona baada ya miezi michache. Na lingekuwa uongo juu ya mama yake Bwana. Alichokiona kilikuwa kweli, lakini maana aliyoipa ilikuwa na kosa, na kilichomwokoa asieneze kosa lile ni rehema aliyokuwa nayo wakati bado anaamini kwamba amekosewa. Ni watu wangapi wamepiga picha ya meseji za mwenzi, wakazituma kwa ukoo mzima, kisha baada ya siku tatu wakagundua kwamba walisoma vibaya? Mwenye uhakika ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa mwenye shaka husita.

Nazareti habari zilitembea kwa miguu, toka kisimani mpaka mlangoni. Sasa hazitembei hivyo. Kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na watu 1,024. Mwaka 2018 nchini India watu waliuawa na makundi yenye hasira baada ya uvumi kuhusu wezi wa watoto kuenea kwa simu. Kampuni yenye programu hiyo ikaanza kuweka mipaka, na kuanzia Aprili 2020 ujumbe ambao umeshasambazwa mara nyingi huruhusiwa kutumwa kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Inafaa kutafakari kwamba hata wafanyabiashara waliona haja ya kuupunguza mwendo wa ulimi. Lakini mpaka huo hauzuii skrinshoti. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, ila haitoweki kwenye simu ya aliyeipiga picha dakika ya tano. Kwa hiyo kuomba radhi na kufuta ni vyema, wala kusidharauliwe, lakini kufuta hakurudishi kitu.

Katika Mathayo 18:15–17 Yesu alipanga ukubwa wa baraza. Ndugu akikosa, kwanza ni wawili peke yao, kisha mmoja au wawili zaidi, na mwisho kanisa. Watu wengi husoma mafungu hayo kama utaratibu wa nidhamu, na ndivyo yalivyo, ila yana kitu kingine ndani yake: kila hatua ina idadi yake, na hakuna anayeruhusiwa kuruka. Mtandao umeupindua mpango huo juu chini. Jambo linaanzia kwa watu 200, linashuka kwa mashahidi wanaojibizana, na mara chache sana, kama Bwana akisaidia, linaishia kwa wawili waliopaswa kuanza.

Soma Isaya 39:1–7. Isaya alimwuliza Hezekia mambo gani matatu?

Hezekia hakufunua siri ya mtu mwingine. Alionesha vya kwake. Alikuwa ameugua hata kufa, akaponywa, na kivuli kikarudi nyuma madaraja kumi. Habari ikafika Babeli. Merodak-Baladani akatuma barua na zawadi, na 2 Nyakati 32:31 inasema wajumbe walikuja kuuliza juu ya ajabu iliyotendeka katika nchi. Ushuhuda uliombwa, mlango ulikuwa wazi. Wageni wakatembezwa kwenye fedha, dhahabu, manukato, mafuta na ghala la silaha. Isaya alipokuja aliuliza watu wale walisema nini, walitoka wapi, na waliona nini nyumbani mwa mfalme. Swali la tatu ndilo ambalo mwenye kuposti hujisahau kujiuliza. Aliyepiga picha sebuleni alitaka watu waone keki ya kuzaliwa. Walioitazama waliona pia dirisha halina nondo, sare ya mtoto yenye nembo ya shule yake, na maneno kwamba baba amesafiri.

Lakini jambo zito zaidi katika sura hiyo ni mahali gharama ilipoangukia. Hazina zilibebwa kwenda Babeli yapata karne moja baadaye, na waliotabiriwa kuwa matowashi katika jumba la mfalme wa kule ni uzao wa Hezekia. Yeye mwenyewe aliridhika kwamba siku zake zitakuwa na amani. Mzazi anayerusha picha ya mwanawe akioga, au akilia kwa sababu ya matokeo ya mtihani, au akiwa kitandani na dripu mkononi, mara nyingi yeye mwenyewe hapati hasara yoyote. Anapata pongezi. Mtoto ndiye atakayekutana na picha ile akiwa kidato cha pili, imeletwa darasani na mwenzake.

Serikali zimeanza kuliona hilo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Haipendezi kanisa lijifunze heshima kwa hofu ya faini. Hata hivyo liangalie picha zake lenyewe: mjane amesimama katikati ya akina mama wa Dorkasi, ameshikilia mfuko wa unga na mche wa sabuni, ameambiwa atazame kamera. Alihitaji unga. Ili aupate ilimbidi umaskini wake uonekane na watu ambao hatawaona kamwe, wakiwemo majirani wa binti yake aliyeolewa mbali. Mathayo 6:1–4 ilisemwa kwa ajili ya mtoaji, lakini anayeumia tarumbeta inapopigwa ni mpokeaji. Ripoti ya idara ingeweza kuandikwa kwa idadi ya mifuko.

Hapa kuna pingamizi, tena si dogo. Ukimya umewahi kuficha uovu. Kuna nyumba, na kuna makanisa, ambako mtoto ameumizwa na watu wazima wakaambiana kwamba mambo ya ndani yasitoke nje. Waliofanya hivyo hawawezi kujificha nyuma ya Shemu na Yafethi. Nguo ya wana wa Nuhu ilimfunika mzee aliyejifedhehesha mwenyewe. Haikuwekwa juu ya kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Efeso 5:11 inaagiza matendo ya giza yakemewe. Kwa hiyo yanapotokea hayo, usemi si hiari. Ila hata hapo swali la nani aambiwe halifutiki. Kuna polisi na dawati lao la jinsia na watoto, kuna afisa ustawi wa jamii, na kuna namba 116 ya simu kwa ajili ya watoto, Tanzania na Kenya pia. Hao wana uwezo wa kumtoa mtoto mahali pa hatari. Kundi la watu 200 halina uwezo huo. Lina uwezo wa kulijua jina la mtoto, na kulikumbuka.

Yule dada alipotoka hospitali hakuonekana kanisani Sabato mbili. Shemasi alikwenda kwake Jumapili, akaacha simu nyumbani. Hakujitetea kwa nia yake njema, ingawa alikuwa nayo. Alisema, "Mwanangu, ulinipa jambo lako nikaligawa. Nisamehe." Dada akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaamka taratibu, mkono mmoja tumboni, akaweka maji ya chai jikoni. Walizungumza juu ya bei ya mkaa, na juu ya mtoto aliyeanza kuhesabu. Mume hakutajwa. Alipomsindikiza mpaka kwenye kona ya barabara, dada alisema Jumanne anarudi kliniki kuangalia kidonda, na kwamba usiku hapati usingizi.

"Niombee, mama," alisema. "Wewe peke yako."