Ndugu Aliyeacha Kusali: Tumtendee Nini?

Wakatekumeni wapenzi,

Kila Dominika asubuhi, kengele ya kapela ikilia, mwatoka vijijini mwenu kuja kusali. Njiani hukutana na mtu aendaye upande mwingine, jembe begani. Mwamfahamu. Yeye alibatizwa zamani, kabla ninyi hamjaandikwa katika daftari la mafundisho. Alipokea Komunyo, pengine na Kipaimara pia. Leo hapiti tena mlangoni mwa kanisa. Awaamkia, ainamisha kichwa, naye aenda zake shambani.

Nanyi mwajiuliza moyoni: "Mimi nangoja siku nyingi nipate kuingia katika nyumba hii, na huyu aliyekwisha kuingia ametoka. Ameona nini humo ndani?"

Swali hilo si dhambi. Leo nataka kulijibu, na tena kuwafundisha jambo mtakalolihitaji siku zote za maisha yenu, yaani namna ya kumtendea ndugu mwenye mashaka, au ndugu aliyekwisha kuacha dini.

I. Jambo hili si jipya

Kwanza jueni kwamba Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe aliachwa. Mtakatifu Yohane atueleza habari hiyo katika sura ya sita ya Injili yake. Yesu alikuwa Kafarnaumu, akawafundisha watu kwamba mwili wake ni chakula cha kweli. Wafuasi wengi waliona neno hilo gumu, wakarudi nyuma, wasitembee naye tena. Yesu hakuligeuza neno lake ili wabaki. Wala hakuwalaani, wala hakuwafunga kamba. Aliwageukia wale Thenashara, akawauliza kama wao pia wapenda kwenda. Petro akajibu kwa niaba ya wenzake kwamba hawana mwingine wa kumwendea, kwani Yeye ndiye mwenye maneno ya uzima wa milele.

Tazameni vema jibu hilo. Petro hakusema kwamba amefahamu yote. Alibaki kwa sababu alimfahamu Yesu. Na huyo Petro, baadaye, usiku wa mateso, alimkana Bwana wake mara tatu. Je, Yesu alimfukuza? Hapana. Baada ya kufufuka alimngoja ufukoni mwa ziwa, akamwuliza mara tatu kama ampenda, kisha akamkabidhi kondoo wake.

II. Walioanguka katika Afrika

Pili, sikieni habari ya mababu zetu katika imani. Mwaka 250 Kaisari Desio wa Roma aliamuru watu wa milki yake waitolee miungu sadaka. Katika Kartago, mji wa Afrika ya kaskazini, katika nchi iitwayo leo Tunisia, Wakristu wengi waliogopa. Wengine walitoa sadaka kwa miungu. Wengine hawakutoa, lakini walinunua hati ya uwongo yenye kusema kwamba wametoa. Mateso yalipotulia, wengi wao walirudi kanisani wakilia.

Askofu wao alikuwa Mtakatifu Sipriano. Watu wa namna mbili walimsumbua. Hawa walisema: "Wafungie mlango, wasiingie tena kamwe." Wale walisema: "Waingie leo hii, na habari iishe, hakuna haja ya kitubio." Mwaka 251 maaskofu wa Afrika walikutana Kartago, wakakata shauri: mlango usifungwe, lakini kila mmoja apite njia ya kitubio kwa kadiri ya kosa lake. Na huyo Sipriano aliyewahurumia waoga hakuwa mwoga mwenyewe. Tarehe 14 Septemba 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya Kristu.

Basi, shauri la Kanisa ni hilo tangu zamani. Lakini kulijua shauri ni jambo moja, kulifuata ni jambo jingine. Mimi niwafundishaye nimelivunja, nami nitawaeleza jinsi nilivyolivunja.

III. Kosa langu

Katika kijiji chetu alikuwako mvuvi, Mkristu mwema, ambaye sitamtaja jina. Wakati wa mvua binti yake alishikwa na homa kali. Walimpeleka kwenye nyumba ya wagonjwa, tena walisali novena, siku tisa kamili. Mtoto akafa. Siku zile zile mtoto wa jirani aliugua pia. Baba yake alimpeleka kwa mpiga ramli, naye mtoto akapona.

Baada ya matanga, yule mvuvi alinijia shuleni. Nalikuwa mbele ya watoto, chaki mkononi. Akasimama mlangoni, akasema: "Mwalimu, nilisali siku tisa. Yule hakusali hata siku moja. Mungu alikuwa wapi?"

Watoto wote walinitazama. Nikaona haya, kwani sikuwa na jibu. Na mtu aonaye haya hukasirika upesi. Nikamwambia: "Maneno hayo ni ya Shetani. Nenda ukaungame." Akanitazama kidogo, akaenda zake. Dominika ile hakuja kusali, wala Dominika ya pili. Mwezi ulipokwisha tulisikia kwamba naye amekwenda kwa mpiga ramli, apate kujua ni nani aliyemwua binti yake.

Nasi Wakristu tulifanya nini? Jumuiya iliacha kusali nyumbani kwake. Kisimani mke wake alipofika, wanawake walinyamaza. Nami nilitembea saa mbili mpaka misioni, nikamweleza Padri habari zote, neno kwa neno.

Padri alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Na kwako mpaka kwake ni mwendo gani?" Nikajibu: "Si mbali, Padri. Dakika kumi." Akasema: "Umetembea saa mbili kuja kumshitaki. Zile dakika kumi, umekwisha kuzitembea?" Nikanyamaza.

Nilirudi, na jioni ile ile nikaenda kwake. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe, ashona wavu. Nikamwambia: "Ndugu, sikuja kukufundisha. Nimekuja kukuomba msamaha kwa neno nililokuambia." Hakujibu. Alinisogezea upande mmoja wa wavu. Tukashona mpaka giza. Ndipo alipoanza kusema habari za binti yake: jinsi alivyocheka, jinsi alivyokariri Salamu Maria akiruka maneno. Alilia, nami nililia pamoja naye.

IV. Njia ya Emau

Usiku ule nilisoma Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya ishirini na nne, nikaona kwamba Yesu alikwisha kutuonyesha njia.

Wafuasi wawili walikuwa wakiondoka Yerusalemu kwenda Emau, mwendo wa kilomita kumi na moja hivi. Tumaini lao lilikufa msalabani, nao walikuwa wakiwaacha wenzao nyuma. Yesu alitenda mambo manne.

La kwanza, aliwakaribia, akatembea nao. Hakusimama Yerusalemu akiwaita kwa mbali. Alitembea nao katika njia ile ile ya kuondoka.

La pili, aliwauliza wazungumza nini, akawaacha waseme yote. Yeye aliyejua habari zote kuliko wao alisikiliza kwanza.

La tatu, aliwaeleza Maandiko, akawaonya pia kwa uzito wa mioyo yao. Angalieni jambo hili! Kutembea na ndugu si kukubali kosa lake. Mimi siendi na mvuvi kwa mpiga ramli, wala simwambii kwamba ramli ni njema. Ramli ni uwongo, tena huwasha uadui kati ya jamaa na jamaa, kwa sababu humtaja jirani asiye na kosa kuwa mwuaji. Lakini ukweli una wakati wake, na wakati wake ni baada ya kusikiliza.

La nne, walipomsihi akae nao, alikaa, akaumega mkate. Ndipo macho yao yalipofumbuliwa. Na usiku ule ule wakarudi Yerusalemu kwa miguu yao wenyewe. Yesu hakuwavuta kwa nguvu.

V. Maneno ya kumjibu ndugu

Ndugu akikuambia: "Niliomba, wala sikupewa," usiharakishe kusema kwamba ndiyo mapenzi ya Mungu. Mbele ya kaburi la Lazaro Yesu alilia kwanza. Katika bustani ya Getsemani Yeye mwenyewe alimwomba Baba amwondolee kikombe cha mateso, naye alikinywa. Mama yake alisimama chini ya msalaba, akamwona Mwanawe akifa. Ubatizo si hirizi ya kuzuia homa na kifo. Hatujui kwa nini mtoto huyu amekufa na yule amepona. Tunajua kwamba Mungu hakukaa mbali na kifo chetu, alikiingia, akatoka mzima, ili nasi tutoke pamoja naye. Mwenye msiba akitaka kusikia neno hilo, mwambie. Asipotaka, mchotee maji, mkatie kuni, ungoje.

Ndugu akikuambia: "Wakristu ni wezi na wasengenyaji," usikatae ikiwa ni kweli. Kati ya Thenashara alikuwamo Yuda. Ungama kosa letu, kisha umweleze habari ya Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alikuwa kijana wa Goma, kazi yake kukagua vyakula vilivyopita mpakani. Walimpa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuuziwa watu. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 aliuawa. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Naye alikuwa Mkristu wa nchi yetu hii. Mkristu mmoja mwovu hamfuti mmoja mwema.

Ndugu akikuambia: "Kuna wahubiri wanaoahidi uponyaji na mali," usiwatukane wahubiri hao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ulitufundisha kuwaheshimu ndugu waliobatizwa wasio wa Kanisa letu. Lakini mhubiri akidai fedha kwa baraka, au akikataza dawa za nyumba ya wagonjwa, mwonye ndugu yako waziwazi. Yesu aliponya wengi, wala hakumtoza mtu hata mmoja.

VI. Ninyi wenyewe

Wakatekumeni wapenzi, mwataka kujua mwisho wa habari ya mvuvi. Mwisho haujafika. Nimekwenda kwake mara nyingi. Ameacha kumtafuta mwuaji, amepatana na jirani zake. Jumuiya yasali tena nyumbani kwake, na mkewe ndiye aanzaye wimbo. Usiku wa Pasaka alikuja, akasimama nje karibu na moto, mshumaa wa Pasaka ulipowashwa. Tulipoingia kanisani, hakuingia. Sikumsukuma. Nilimwachia nafasi katika benchi, na kila Dominika naiacha.

Je, atarudi? Mungu ajua. Mtakatifu Monika, mama Mwafrika, alimlilia mwanawe Agostino miaka mingi, hata alipobatizwa mwaka 387. Sisi tumengoja muda mfupi tu.

Nanyi, siku moja baada ya ubatizo, huenda mkaona giza. Ndipo mkumbuke: msikae peke yenu na swali lenu. Mleteni kwa katekista, kwa Padri, kwa baba au mama wa ubatizo. Nami nawaahidi, mkija na swali mlangoni mwa darasa langu, nitaiweka chaki chini kwanza.

Maswali ya kukariri

Swali: Je, kuuliza juu ya imani ni dhambi?
Jibu: Hapana. Bikira Maria alimwuliza Malaika itakuwaje, naye aliamini. Dhambi ni kukataa kwa makusudi ukweli tuliokwisha kuujua.

Swali: Ndugu akiacha kusali, nifanye nini kwanza?
Jibu: Nimwombee, kisha niende kwake mwenyewe, kabla ya kumtaja kwa mtu mwingine.

Swali: Je, nikubali kosa lake ili nisimpoteze?
Jibu: Hapana. Nitamwambia ukweli kwa upole, baada ya kumsikiliza.

Swali: Aliyeacha dini aweza kurudi?
Jibu: Aweza, siku yo yote, kwa njia ya Kitubio. Mlango haukufungwa.

Azimio la juma hili: Kila mmoja amfikirie mtu mmoja aliyeacha kusali. Aende kumwamkia nyumbani kwake, bila hotuba. Akimkuta kazini, amsaidie.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyetembea na wafuasi wawili waliovunjika moyo, tembea leo na ndugu zetu walio mbali. Utusamehe sisi tuliowafukuza kwa maneno yetu. Utupe masikio ya kusikia na miguu ya kuwaendea, mpaka siku tutakapoketi sote mezani pako. Amina.