Nani Ameitwa Mitwaba?

Barua ya kumhamisha mtu kikazi huandikwa jina moja. Inamtaja mwalimu, muuguzi, mchungaji au karani wa Serikali, inataja kituo chake kipya na siku ya kuripoti. Mke au mume hayumo, wala watoto. Lakini lori litakalotoka Lubumbashi, likapita Likasi na kushika njia ya kaskazini kuelekea Mitwaba katika milima ya Kibara, halitabeba mtu mmoja. Litabeba godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya mpira, magunia ya unga wa bukari, madumu, masufuria yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, na cherehani ya mama wa nyumba, ambayo mjini ilikuwa na wateja wake na huko Mitwaba haijulikani kama itampata hata mmoja. Swali langu liko kati ya barua ile na lori hilo. Mwito wa kazi uliomfikia mtu mmoja unapata wapi haki juu ya watu watano au sita? Nashikilia kwamba haki hiyo hauna, mpaka mwenzi wa ndoa awe ameulizwa kwa uhuru wa kweli wa kukataa. Na nashikilia vilevile kwamba akishaulizwa akakubali, kwenda pamoja kunaifanya kazi yenyewe kuwa kazi ya namna nyingine, bora kuliko ile ya mtu anayeishi Mitwaba huku nyumba yake iko Lubumbashi.

Katanga ina ushahidi mwingi juu ya jambo hili, maana miji yake ilijengwa kwa kuwahamisha watu kwa ajili ya kazi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru lake la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba. Miaka ile ya kwanza kampuni ilitaka mikono tu: wanaume bila wake zao, mikataba mifupi, kambi zilizojaa, magonjwa, vifo, na watu waliotoroka kabla ya kumaliza muda. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili mwendo. Ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikawahimiza wafanyakazi waje na wake zao, ikajenga nyumba, ikagawa posho iliyohesabu mke na watoto, ikahudumia wazazi na wachanga, na shule ikawaachia wamisionari wa Kikatoliki. Watu waliletwa kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi. Vifo vilipungua na utoro ukapungua. Kwa kipimo cha afya peke yake badiliko hilo lilikuwa jema, na kulikana kwa sababu tu waliolifanya walikuwa wakoloni ni kuwadhulumu watoto waliopona. Lakini tuangalie familia iliingia katika hesabu ile kwa mlango gani. Iliingia kwa sababu mwanamume mwenye mke na watoto kambini hatoroki, na mtoto anayezaliwa kambini ni mchimbaji wa kesho. Mke alikuwa nanga, na nanga haiulizwi itupwe wapi.

Matokeo yake yalichukua miaka mingi kuonekana. Wafanyakazi walifika mahali pa kusema kwamba kampuni ndiyo baba, ndiyo mama, na msemo huo ulikuwa na ukweli wake: unga ulitoka kwa kampuni, nyumba ilitoka kwa kampuni, dawa ya mtoto ilitoka kwa kampuni. Mwaka 1967 Serikali ikaichukua mali ya Union Minière, ikazaliwa kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines, na malezi yakaendelea vilevile mpaka shaba ilipoporomoka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa kiasi cha fedha na kwaheri. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameshachapisha, mwaka 2001, kitabu juu ya familia za wafanyakazi hao, ambacho jina lake linasema kwamba watoto wa Shaba wameachwa na baba yao. Katika jina hilo kuna hukumu nzima. Baba aliyekuwa na heshima kwa sababu ya namba yake ya kazi alibaki na watoto ambao uhusiano wake nao ulikuwa umepitia kwenye mfuko wa posho. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kuhama na familia ni jambo jema kila mara, eti kwa kuwa familia isitengane. Familia inaweza kulala chini ya paa moja na bado ikawa kifaa cha mtu mwingine.

Ajabu ni kwamba jibu lenye uzito zaidi lilitoka katika kambi zilezile. Placide Tempels, Mfransisko aliyetoka Ubelgiji na kufika Kongo mwaka 1933, alichapisha mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, akidai kwamba kwa watu aliowajua, kuwa ni kuwa na nguvu ya uzima, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua kwa jinsi mtu anavyohusiana na wengine. Wanafalsafa wa Kiafrika, Paulin Hountondji na Fabien Eboussi Boulaga miongoni mwao, walimkosoa vikali, na katika hili nawaunga mkono: hakuna taifa lenye wazo moja linalofikiriwa na watu wote kwa pamoja. Lakini kitabu si kitu cha maana kuliko vyote alichokiacha Tempels. Katika miaka ya 1950, huko Kolwezi, alikaa na wafanyakazi wa migodi na wake zao, na mazungumzo yao yakazaa harakati iitwayo Jamaa. Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili cha pale: uzima, uzazi, mapendo. Jambo ninalolishika ni utaratibu wake. Mtu hakuingia katika Jamaa peke yake kama anavyoandikishwa kazini. Waliingia mume na mke, wakipita hatua zilezile pamoja, wakaitwa baba na mama. Mahali ambapo kampuni iliandika namba moja na kuwahesabu wengine kuwa wa kulishwa, wao walisema kwamba aliyeitwa ni wawili. Hilo halihitaji dai lolote juu ya mawazo ya Wabantu wote. Ni jambo ambalo watu walioishi hali hiyo walilitambua wenyewe.

Maandiko nayo yanasema zaidi ya yale tunayozoea kuyasikia kwenye mimbari. Siku ya kumuaga mchungaji anayepelekwa mbali, anayetajwa ni Ibrahimu: aliambiwa aondoke, akaondoka. Kitabu cha Mwanzo hakituelezi kama Sara aliulizwa, na kimya hicho kimefanywa kanuni. Lakini sura kadhaa mbele, mtumishi wa Ibrahimu anapotaka kumchukua Rebeka kwenda nchi ya mbali, jamaa zake wanamwita binti mwenyewe na kumuuliza kama atakwenda, naye anajibu kwa kinywa chake kwamba atakwenda. Ahadi ile kubwa ilisubiri jibu la msichana. Na Waislamu wana Hajiri, aliyeachwa na mtoto mchanga katika bonde lisilo na maji. Katika simulizi iliyopokewa, alimfuata Ibrahimu akimuuliza mara kwa mara, na alipokosa jibu akauliza swali lenyewe: ni Mungu aliyekuamuru hili? Alipoambiwa ndiyo, akarudi akiwa ametulia. Wengi husifu utulivu wake. Mimi naona swali lilitangulia, na bila swali utulivu ule ungekuwa ukimya tu. Kila mke anayeambiwa afunge mizigo ana haki ya swali la Hajiri: anayetupeleka huko ni nani, Mungu, Serikali, kampuni, au tamaa yako ya cheo? Sheria ya nchi ilichelewa kufika hapo. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimlazimu mke kumfuata mumewe popote ambapo mume angeona inafaa kukaa; marekebisho ya 2016 yaliondoa takwa la ruhusa ya mume na kuelekeza kwamba wenzi wapatane katika mambo ya nyumba yao.

Basi tuseme ameulizwa, amekubali. Kwa nini kwenda pamoja kuwe bora, wakati mume au mke angeweza kukaa Mitwaba peke yake na kutuma fedha? Hoja ya fedha si ya kudharauliwa. Watoto wanabaki katika shule nzuri, cherehani inabaki na wateja. Lakini hesabu hiyo ina tundu. Nyumba mbili ni majungu mawili, kodi mbili, na safari kwenye njia ambayo msimu wa mvua huifanya kuwa matope. Tena mtu anayeishi kwa ajili ya kurudi hufanya kazi kwa saa ya kurudi. Lori likipatikana Alhamisi, darasa la Ijumaa halina mwalimu. Huo si udhaifu wa tabia, maana mapenzi yake yako kwingine, na mwili hufuata mapenzi. Muuguzi ambaye mwanawe anaweza kushikwa na homa usiku huu ataifungua friji ya chanjo asubuhi na kusoma kipimajoto kwa macho mengine. Mwalimu ambaye binti yake anakaa kwenye benchi la tatu hawezi kusahau kwamba darasa lina kitabu kimoja. Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, wautafutie mji ule heri, kwa kuwa heri yao imo ndani ya heri ya mji. Hakuwaambia kwamba Babeli ni kwao. Aliwaambia kwamba mtu hawezi kula mahali kwa miaka na kuendelea kujiita mpita njia.

Pingamizi kubwa ni la mtoto, nalo sina namna ya kulimaliza. Mtoto hana uwezo wa kukubali, na Mitwaba si jina lisilo na historia. Katika vita vya wanamgambo wa Mai-Mai, nchi kati ya Mitwaba, Manono na Pweto iliitwa pembetatu ya mauti. Mwishoni mwa 2005 makumi ya maelfu ya watu walizikimbia nyumba zao katika Katanga ya kati, na ilikuwa Mitwaba ambako kiongozi wao mmoja, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha Mei 2006, kabla ya kuhukumiwa mwaka 2009 na kutoroka gerezani Lubumbashi mwaka 2011. Mzazi aliyekataa kuwapeleka watoto huko wakati ule alifanya haki, na anayesema imani ingetosha anasema kwa gharama ya mwili usio wake. Hakuna mwenye ruhusa ya kumtoa mtoto awe uthibitisho wa uaminifu wa mzazi. Lakini tusiiite hatari kila hali ya upungufu. Shule isiyo na madirisha ni upungufu. Umeme usiokuwepo ni upungufu. Watoto waliozaliwa Mitwaba wanaishi ndani ya upungufu huo kila siku, na mtu anayesema kwamba hali hiyo haimstahili mwanawe lakini inawatosha wanafunzi wake ametamka neno zito juu ya thamani ya watoto wa wengine. Anaweza bado kuwa na sababu ya kuwaacha wake mjini. Asiifanye sababu hiyo kuwa kanuni.

Wengine watasema kwamba mawazo haya yanamtwisha mwalimu mzigo wa Serikali. Wana haki ya kuuliza, hasa katika nchi ambako tangu miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilitoka mifukoni mwa wazazi, ambako elimu ya msingi bila malipo iliyoandikwa katika Katiba ya 2006 ilianza kutekelezwa mwaka 2019, na ambako walimu wengi walifundisha kwa miaka majina yao yakiwa hayajaingia katika orodha ya malipo. Hata mshahara wenyewe, kwa vituo ambavyo benki haifiki, ilibidi Caritas ipewe kazi ya kuupeleka. Lakini hoja yangu inamwelemea mwajiri kuliko mtumishi wake, maana kama aliyeitwa ni familia, basi anayeita anadaiwa na familia. Anadaiwa nauli ya wote, nyumba iliyo tayari kabla ya mvua za Novemba, nyongeza ya porini ambayo walimu wameidai, na jambo ambalo halina gharama yoyote: kumuuliza mwenzi kazi yake mwenyewe itakuwaje. Union Minière, kwa nia yake ya faida, ilijua idadi ya watoto wa kila mfanyakazi kwa sababu ya posho. Serikali na makanisa yanayopeleka watu Mitwaba yanaweza kuijua idadi hiyo kwa nia iliyo njema zaidi. Barua ikiandikwa majina mawili, na chini yake pakaachwa nafasi ya saini mbili, yule mwenye cherehani atakuwa na mahali pa kuandika kwamba amekubali, au kwamba bado hajakubali, kabla lori halijaanza kupakiwa.