Imani na Nasaba Kandokando ya Ziwa

Mtoto wa Kihaya azaliwapo Ihangiro, katika nchi ambayo leo ndiyo Wilaya ya Muleba, ukoo humpokea kabla ya dini: humrithisha muziro, yaani mwiko ambao hatakula kilichotajwa ndani yake wala hataoa kwa walio nao, na humwonyesha kibanja, shamba la migomba walimolazwa babu zake, ndipo baadaye padri, mchungaji au shehe humjia na jina jingine. Kwa hiyo si ajabu, kutoka Kamachumu hata Bukoba mjini, kukuta ukoo mmoja wenye Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, ambao siku za ibada huachana njiani, lakini posa iletwapo huulizana muziro kwanza, na msiba utokeapo hukaa matanga pamoja.

Nimeanza na haya kwa kuwa yanatuangazia habari za kaumu ambayo watu wa Afrika Mashariki wameiona kwa zaidi ya karne moja pasipo kuijua sawasawa, nayo ni Makalasinga, yaani wafuasi wa dini ya Sikh. Maseremala, waashi na wahunzi wao walikuja kwa ajili ya reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Na watu wetu, walipotazama kilemba na ndevu, walihukumu ya kuwa dini ya watu hawa na Upunjabi wao ni kitu kimoja. Walakini wasemao Kipunjabi walio wengi ni Waislamu, na wamo pia Wahindu na Wakristo; na kilemba chenyewe mkulima wa Punjab, wa dini yoyote, alikivaa kwa jua na kwa heshima. Kwa Kalasinga aliyekula kiapo cha dini yake kilemba hicho husitiri nywele alizoagana na Mola wake asizikate, na kwa jirani yake ni vazi la jadi tu: kitambaa ni kile kile, nia mbalimbali.

Anayetaka kujua kama dini hii ni mali ya Wapunjabi peke yao na autazame msingi wake. Nanak, mwasisi wake, aliyezaliwa mwaka 1469, alikuwa Mpunjabi, na chakula cha pamoja, langar, ambacho tajiri na maskini hukila wakiwa wameketi chini safu moja, kilianza katika nchi hiyo. Lakini Gobind Singh, Guru (yaani mwalimu mkuu) wa kumi, alizaliwa Patna, mbali upande wa mashariki. Na mwaka 1699, alipoiasisi Khalsa, jumuiya ya waliokula kiapo cha dini, kule Anandpur, wale watano wa kwanza kujitolea, kama mapokeo ya dini yanavyosimulia, walitoka Lahore, Hastinapur, Puri, Dwarka na Bidar, watu wa pande zote za Bara Hindi na wa matabaka mbalimbali, wakanywea chombo kimoja. Hata kitabu chao kitukufu, ambacho wanakitii kama Guru aliye hai, kimekusanya tenzi za Kabir, mfumaji nguo wa Benares, za Namdev wa Maharashtra, na za Sheikh Farid, sufii Mwislamu.

Sisemi ya kuwa dini hii na Upunjabi hutengana kwa urahisi. Kitabu kimeandikwa kwa hati ya Gurmukhi, na mtoto asiyeijua amefungiwa mlango mmoja wa ibada. Tena mwaka 1947, Punjab ilipogawanywa kwa mpaka wa India na Pakistani, watu wa lugha moja, vyakula vile vile na nyimbo zile zile za harusi waliuana na kuhamana kwa sababu ya dini. Na hapo ilidhihiri ya kuwa jadi moja, bila insafu, haizuii damu kumwagika. Huku kwetu nako tabaka liliingia hata nyumbani mwa ibada, kwa maana mafundi wa tabaka liitwalo Ramgarhia walijenga gurdwara, yaani nyumba za ibada, zao wenyewe, Nairobi na kwingineko, ingawa Guru Nanak aliwafundisha watu kukaa safu moja.

Kagera, mkoa wa Wahaya, nayo imepata kulifikiri kwa kina jambo hili la dini na nasaba. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu, alipofanywa kadinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika zama hizi, ukoo wake haukumpa cheo hicho wala cheo hicho hakikumfuta katika ukoo. Na Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba, alitoa mwaka 1974 kitabu kizima juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, kwani alijua ya kuwa Mhaya hawi Mkristo hewani: huwa Mkristo akiwa na ndugu zake, na kibanja chake, na deni lake kwa wazee.

Basi nikiulizwa juu ya kijana wa Kikalasinga aliyezaliwa Mwanza au Kisumu, ambaye Kiswahili chake ni fasaha kuliko Kipunjabi, kama amepoteza dini, nitajibu kuwa amepoteza hazina ya lugha, na hazina hiyo inastahili kuliliwa, lakini dini hajaipoteza maadamu anaomba, anatenda haki na anaketi safuni na yeyote. Nimwogopeaye zaidi ni yule aliyehifadhi lugha, ngoma na mapishi yote ya wazee, kisha akamkataa mchumba wa binti yake kwa sababu ya tabaka. Huyo amelinda Punjab na kumwacha Nanak. Lakini katika gurdwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926 kando ya reli iendayo Mombasa, msafiri yeyote, Mkamba au Mhaya, hupewa chakula na malazi bila malipo, na aombwacho ni kuvua viatu na kufunika kichwa.