Fedha Kinywani mwa Mama

Mama akicheka hutupa kichwa nyuma, na ukiwa umekaa mkekani karibu yake unayaona: magego matatu yenye viraka vya rangi ya risasi. Utotoni niliamini ni fedha tupu, na kwamba familia yetu ina akiba ambayo mwizi hawezi kuifikia. Sikukosea sana. Fedha imo, pamoja na bati na shaba. Ila karibu nusu ya uzito wa kiraka kile ni zebaki.

Hilo nililijua mwaka wa kwanza wa uzamili, kwenye somo la mazingira. Tulikuwa tunazungumzia wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu, na mhadhiri akayapitia haraka matumizi mengine: vipimajoto, balbu, kuziba meno. Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi nilikuwa nahesabu magego.

Nikasoma nilivyoweza. Kilichoua na kulemaza watu kule Minamata, Japani, mji ulioupa jina mkataba wa kimataifa wa zebaki, kilikuwa zebaki ya aina nyingine, iliyotoka kiwandani ikaingia kwenye samaki. Kiraka cha jino hutoa mvuke, kidogo sana, zaidi mtu anapotafuna au kusaga meno usingizini, na kwa watu wengi tafiti hazijaonyesha madhara. Hata hivyo, mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba huo zilikubaliana kukizuia, au angalau kushauri kisitumike, kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha.

Wanaonyonyesha. Gego la tatu la Mama lilizibwa mwaka 1999, mimi nikiwa na miezi minne.

Nimwambie? Mtu ana haki ya kujua kilichomo mwilini mwake, na kumficha Mama ni kumfanya mtoto. Lakini ushauri wa wataalamu ni kwamba kiraka kizima kisiguswe, kwa kuwa kukichimbua ndiko kunakotoa mvuke mwingi, na jino zima nalo hukatwa. Kwa hiyo ningempelekea habari isiyo na la kufanya. Nilipojichunguza nikakuta kitu kisichopendeza: haja yangu haikuwa ajue. Nilitaka tuwe wawili tunaojua.

Nilimwambia wakati wa likizo, tukichambua dagaa. Hakuinua hata macho.

"Daktari aliniambia ni zebaki."

"Na ukakubali?"

"Mwanangu, nilikuwa sijalala siku tatu. Kung'oa ndiko kulikokuwa rahisi. Ya upande huu niling'oa mawili, si unaona pengo? Hili nikasema hapana, na mimi nibakiwe na pa kutafunia nyama."

Wiki nzima nilikuwa nalinganisha zebaki na kitu kisicho na dosari. Mama aliilinganisha na pengo. Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu, na alikuwa ameifanya akiwa na maumivu.

Kinachoniuma ni kwamba kitu kingine kilikuwepo. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianza kutumika njia ya kuziba meno isiyohitaji umeme: uozo laini unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu linajazwa glasi ayonoma, saruji isiyo na zebaki inayoshikana na jino lenyewe na kutoa floridi. Njia hiyo imekwenda nchi nyingi. Kwenye kiti alichokalia Mama haikufika. Nayo si malaika; kwenye tundu kubwa huchakaa mapema. Rezini nyeupe inayogandishwa kwa taa ya bluu inataka jino kavu kabisa, inataka muda na pesa, na kemikali zake zina maswali yake.

Mwezi uliopita nilimpeleka zahanati mtoto wa kaka yangu, ana miaka 12, gego limetoboka. Mama ndiye aliyesema niende mimi, "msomi wa meno". Tabibu alichungulia, akasema linazibika. Lakini dawa nyeupe imeisha, na hajui italetwa lini. Ile ya rangi ya fedha, kwa umri wa mtoto, hawaweki tena.

"Tunaweza kuling'oa leo," akasema.

Ni gego la kudumu. Likitoka halioti jingine.

"Hakuna hata ile ya zebaki?"

Nilijisikia nikiuliza. Mtoto alikuwa ameshika shavu, ananiangalia kama mtu niliyemwambia kwamba shangazi atalimaliza hili. Tabibu akatikisa kichwa. Alikuwa anatii kanuni ambayo, ingepigiwa kura, ningeinua mkono wa kwanza. Bado naiona ya haki. Ila walioiandika walidhani kabati lina kitu kingine ndani, na pale palikuwa na kabati tupu na koleo. Sijui kama aliyenyimwa dawa yenye hatari ndogo akaondoka na pengo la maisha tunaweza kusema amelindwa. Nimejaribu kuliandika jibu mara tatu, kila mara naishia kumtetea aliyeandika kanuni.

Tulikubaliana aweke dawa ya muda, turudi baada ya wiki tatu, na mtoto atafunie upande mwingine. Jioni Mama akapiga simu. Hakutaka maelezo.

"Kabaki nalo?"

"Kwa sasa, Mama."